Ukuta wa Resian

Kajiado,
Jumatatu, 3 Julai 2023.

Kwa Resian, binti wa marehemu ndugu yangu,

Takwenya! Najua umeitika "Iko" huko uliko kabla hujafika mwisho wa mstari, kwa hiyo salamu imekamilika kwa pande zote mbili nami naweza kuendelea.

Mama yako Nalangu yu mzima. Goti lake bado linatabiri mvua na mara nyingi linakosea. Ng'ombe waliosalia baada ya ule ukame wameanza tena kufanana na ng'ombe. Kaka yako Parmuat, aliyepoteza wengi kuliko sisi sote, huonekana mnadani kila wiki akitazama mifugo asiyonunua.

Huenda umeshangaa kupokea barua na hali sote tuna simu. Tafadhali elewa kwamba nimeketi mkabala na ofisi za ardhi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikiwaandikia watu maombi na malalamiko, na sijamwona hata mmoja aliyeshinda shauri la ardhi kwa kusema "tuliongea". Simu husema ikasahau. Basi jambo lolote la udongo kati yangu na wewe litaandikwa, litatiwa tarehe, nalo litasafiri kwa mkono wa dereva wa gari la Loitokitok, ambaye ni mtu mwaminifu ingawa mwendo wake haunipendezi.

Sasa nawasilisha lenyewe. Wazee wa ukoo waliketi Jumamosi. Ile ekari ya Kitengela, ambayo marehemu alikupa kwa mdomo wake mwenyewe, wameikubali kuwa yako, ijapokuwa desturi yetu haikuzoea kumpa binti ardhi. Na binti mwenye mshahara asiye na mume huwatia wazee mashaka ya aina mbili kwa pamoja. Wameweka sharti. Mwezi wa Novemba watafika kutazama kwa macho yao. Wakikuta nyumba iliyosimama na watu ndani yake, na ekari yote imezungukwa kwa ua, hakuna atakayeitaja tena. Wasipokuta hayo, itarudi kwa Parmuat aliye mzaliwa wa kwanza, naye atafanya aonavyo. Kaka yako alikuwepo kikaoni. Alikuwa akichonga fimbo.

Kabla hujatoa hata shilingi ya mchanga, nakushauri hivi. Nitaulizia kwenye daftari la serikali kama ekari hiyo haina zuio la benki wala la mahakama, maana hati nzuri yaweza kuwa na habari mbaya nyuma yake. Nitatembea mipakani pamoja na majirani, wala si peke yangu, kwa kuwa jiwe la mpaka alilolishuhudia jirani halihami. Nawe usilipe fundi kwa kazi ambayo hujaambiwa imekamilika na mtu asiye fundi.

Nasubiri mpango wako.

Wako katika ukoo na katika haki,
Timothy Leshan ole Kuntai.


Entarara,
Jumapili, 16 Julai 2023.

Baba Mdogo,

Iko. Ulikisia vizuri, niliitika, na mwalimu mwenzangu akaniuliza naongea na nani.

Sisi huku tuko salama, mlima umejifunika wiki nzima. Shule imepata madawati. Ila ndovu waliingia tena kwa shamba la jirani yangu wakati mahindi yalikuwa karibu kukauka. Asubuhi tulikuta wamelala juu ya mahindi kama watu waliolipia kitanda. Mama mwenye shamba alikaa chini, hakulia, akaanza tu kuokota magunzi. Kwa hiyo mimi, Baba Mdogo, sitaki seng'enge. Nataka ukuta. Ukuta wa mawe, mrefu kuliko mtu, pande zote nne.

Mpango wangu ni safu mbili za vyumba, moja ikitazama barabara na ya pili nyuma yake. Safu ya kwanza iishe na iingie watu kabla ya Novemba, ya pili iwe imechimbwa msingi. Siwezi kuja. Likizo ya Agosti nina wanafunzi wa kidato cha nne, na Novemba yenyewe ni mitihani ya kitaifa, mimi ndiye nimewekwa kuisimamia. Macho yangu ni wewe.

Nimempigia Parmuat mara kadhaa, hashiki. Amekasirika? Ana mnunuzi wa hiyo ekari? Niambie ukweli.

Binti yenu,
Resian.


Kajiado,
Jumatano, 9 Agosti 2023.

Mpendwa Resian,

Takwenya. Habari za nyumbani ni zile zile isipokuwa goti la mama yako, ambalo safari hii limetabiri kiangazi na likapatia.

Nimefika Kitengela na kukanyaga ekari yako pembe hadi pembe. Mahali penyewe ni mwisho wa majumba na mwanzo wa mbuga: mbele yako kuna barabara ya vumbi, maduka na mnara wa simu, nyuma yako hakuna kitu mpaka macho yachoke. Ardhi ilikuwa kavu na tupu kama meza iliyofutwa. Sikuona kwato wala kinyesi. Daftari la serikali ni safi. Majirani walitembea nami na kila jiwe la mpaka lina shahidi wake.

Udongo ni ule mweusi. Tafadhali usiudharau. Wakati wa kiangazi hupasuka hadi mtu apoteze kiatu ndani yake, na wakati wa mvua huvimba na kuinua nyumba kama mtu anayejigeuza usingizini. Nimemwajiri Kivuva, fundi wa Kikamba mwenye kazi nzuri na maneno mengi, na nimemwagiza auondoe wote mpaka ateremke kwenye changarawe ngumu. Aliniambia, "Mzee, nikichimba zaidi ya hapa nitatokea kwetu Machakos." Nikamjibu awasalimu, aendelee kuchimba.

Kuhusu wapangaji, yafuatayo nimeyaona kwa wateja wangu waliokuja kulia mezani pangu. Weka maji kabla ya rangi. Mpangaji huishi na rangi mbaya, lakini hakai na bomba kavu. Mkataba uwe mfupi, katika lugha anayoisoma yeye, na kila mmoja abaki na nakala. Amana yake si mali yako: usiijengee choo. Na akichelewesha kodi usimfungie mlango kwa kufuli lako, wala usimng'olee bati. Andika, weka tarehe, mpe nafasi. Mlango ni wake kwa muda wote anaoishi pale, hata kama ufunguo wa akiba uko mfukoni mwako.

La mwisho kwa leo, na kwangu ndilo kubwa. Mwenye nyumba alale usiku mmoja katika nyumba yake kabla ya kumpangisha mtu. Asipojua jua linaingilia wapi, paa linalia saa ngapi, na ni kitu gani kinapita nje, anauza asichokijua. Kwa kuwa wewe huwezi kufika, nitalala mimi kwa niaba yako safu ya kwanza ikiezekwa.

Ukuta utajengwa kama ulivyoagiza.

Wako katika ukoo,
T. Leshan ole Kuntai.


Entarara,
Jumapili, 27 Agosti 2023.

Baba Mdogo,

Asante kwa yote. Nimekuona kwenye kila mstari, na kofia yako kichwani.

Mama mwenye shamba la mahindi amehamia kwa dada yake huko Illasit. Shamba lake sasa ni nyasi.

Mwambie Kivuva aanze ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mbuga, hata kabla ya paa. Pande zote nne ziwe zimefungwa mwisho wa Oktoba.

Hukunijibu kuhusu Parmuat. Nilikuuliza maswali mawili, ukaniambia habari za udongo.

Binti yenu,
Resian.


Kitengela,
Jumatatu, 30 Oktoba 2023.

Resian, mtoto wangu,

Sitaanza kwa habari za nyumbani. Naomba uniwie radhi kwa kukiuka utaratibu.

Naiandika barua hii juu ya debe la rangi, katika chumba cha tatu cha safu yako ya kwanza. Nilifika jana kutimiza ahadi yangu ya kulala. Paa liko, maji yako, na chumba cha kwanza tayari kina mpangaji, Bi Nurto, mama wa Kisomali anayeuza nguo na maziwa ya ngamia, ambaye kabla ya kuuliza kodi aliuliza mlango unafunguka kuelekea wapi. Mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo. Ukuta umesimama pande tatu, na wa nne, upande wa mbuga, umefika kifuani na umebakiza pengo moja tu la upana wa lori, ambapo Kivuva huingizia mawe.

Leo kulipopambazuka niliamshwa na pumzi. Sina neno jingine. Niliketi kitandani nikadhani ni upepo, lakini upepo hausimami ukasubiri.

Nilitoka. Ukungu ulikuwa chini, umefika kiunoni. Nyuma ya ukuta wako walikuwa wamesimama pundamilia, na nyuma yao nyumbu, na nyuma ya nyumbu sikuona mwisho wao kwa sababu ya ukungu. Hawakusukumana. Walisimama kama watu waliofika ofisini kabla ya dirisha kufunguliwa, wenye hakika kwamba litafunguliwa kwa sababu siku zote limefunguliwa.

Kisha akatokea pofu, yule swala mkubwa kupita swala wote. Jike, mzee, ngozi ya shingo imelegea mpaka magotini, mkubwa kuliko fahali yeyote aliyewahi kuingia zizini kwetu. Alikuja mpaka kwenye ukuta. Akaweka pua juu ya jiwe. Akalinusa jiwe hilo, Resian, kwa muda mrefu, halafu la pili yake, kama mtu asomaye tangazo kwa lugha aliyofundishwa ukubwani. Nilikuwa na mwavuli mkononi na sikumbuki niliuangusha wapi.

Alitembea kando ya ukuta akiugusa, hadi akafika kwenye pengo. Akaingia. Wote wakafuata.

Walipita katikati ya kiwanja chako, juu ya mahali pa safu ya pili. Kivuva alikuwa amefunga kamba zake za kupimia msingi. Walizivuka kwato moja moja, watoto wao pia, na hakuna kamba iliyokatika. Kivuva alisimama karibu nami na mswaki mdomoni. Bi Nurto alikuwa mlangoni na birika. Na pofu walipopita karibu nasi nikasikia kitu nilichokisahau tangu nikiwa mchunga ndama: miguu yao hulia. Kila hatua, tik, kama vijiti vikavu vinavyogonganishwa taratibu. Tik. Tik. Wengi kwa pamoja, na mwili mkubwa vile, na hakuna kelele nyingine.

Walitokea kwenye ukuta wa kusini, ambako Kivuva hajamaliza mistari ya juu ya mawe. Waliruka. Nimeishi miaka mingi, nimeona wakubwa wa serikali wakishuka kwenye magari yao. Sijawahi kuvua kofia bila kukusudia.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Nurto. "Mzee, hawa wamelipa deposit? Mbona wanapita bila hodi?"

Kivuva akatoa mswaki. "Mzee, mimi nimejenga Syokimau, nimejenga Athi River, nimejenga mpaka Mlolongo. Hii kiwanja iko na wenyewe."

Nimemwamuru asimamishe kazi kwenye pengo lile. Nilikitazama kiwanja wakati wa kiangazi tu. Mimi mwenyewe huwaambia wateja wangu kila siku: ardhi hutazamwa mara mbili, mara ikiwa kavu na mara ikiwa imelowa.

Sijui nikushauri nini. Hii ni mara ya kwanza kuandika sentensi hiyo.

Leshan.


Entarara,
Jumatano, 8 Novemba 2023.

Baba Mdogo,

Barua yako imechelewa njiani, maji yalikata barabara na dereva alilala garini. Kwa hiyo umesimamisha kazi yangu zaidi ya wiki nzima na mimi sijui!

Nisamehe, lakini nitasema. Nilikuomba uwe macho yangu, sikukuomba uwe mkono wangu. Wazee wanafika tarehe kumi na nane. Nikizungushia vyumba peke yake na kuacha ile njia, watasema nusu ya ekari haina mwenyewe, na Parmuat ataichukua. Amenipigia hatimaye. Ana mnunuzi wa kujenga maghala. Hakunitukana, angenitukana ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Resian, mimi ni mchungaji asiye na ng'ombe. Unajua hiyo ni nini?" Na mnunuzi wa maghala hataacha pengo hata la sungura. Ukifikiria hivyo, wanyama wako wanapoteza njia kwa vyovyote. Na mimi ninapoteza ekari. Wanyama hawalipi kodi, Baba Mdogo. Na wakija hao, simba anakuja nyuma yao. Bi Nurto atafanya nini na birika?

Hapo ndipo nilikuwa nimemaliza barua na kutia sahihi. Nimeifungua tena.

Ile sauti. Umeandika miguu ya pofu inalia.

Baba alipolazwa mara ya mwisho, mimi ndiye nilikaa naye. Siku mvua ilianza kupiga bati la wodi alifumbua macho na kuanza kugonga kidole kwenye ubao wa kitanda. Polepole. Tik, akingoja, tik. Nesi alidhani anaita maji, akamletea kikombe. Baba alikataa kwa kichwa, akaendelea, akanitazama kama mtu anayeuliza kama nimesikia. Nilimwambia nimesikia, ili apumzike tu. Ni siku ileile aliniambia ekari ya Kitengela ni yangu. Niliuliza mbona mimi. Aligonga tena.

Baba Mdogo, wewe ulijua? Alikuwa na ardhi nyingine. Mbona alinipa ile?

Fanya hivi, na ni mimi nimesema, si wewe. Safu ya pili isijengwe. Kivuva ainue ukuta katikati, nyuma ya vyumba, mrefu, ili wapangaji na watoto wao wawe na ua wao uliofungwa. Halafu ukuta wa nje uzunguke ekari yote kama wazee walivyotaka, lakini uwe na malango mawili mapana, moja upande wa mbuga na moja kusini, yanayotazamana. Njia ipite kati.

Kama wazee watakubali, sijui. Mimi nitakuwa nimefungiwa na mitihani. Sitakuwepo kujitetea. Nimewahi kukusikia ukisema ombi zuri husimama lenyewe hata mwombaji akiwa hayupo. Sasa tutaona.

Resian.


Kajiado,
Jumatatu, 20 Novemba 2023.

Kwa Resian binti Kuntai,

Takwenya, mtoto wangu. Mama yako anakusalimu. Yu hai na mwenye furaha, na utaona sababu.

Nakuarifu yaliyotukia Jumamosi kwa mpangilio wake, bila kupunguza.

Tulifika mapema, kabla jua halijakaza. Wazee walikuwa wanne, nami wa tano kama mwandishi, mama yako, ambaye hakualikwa lakini alikuwa garini kabla yetu, na Parmuat. Walitazama vyumba. Bi Nurto aliwapa chai ya iliki, na mzee mkubwa wetu aligusa ukuta wa ndani akasema umenyooka kuliko baadhi ya watu. Kisha tukazunguka nyuma, na wakaona malango. Hayakuwa na milango ya chuma, Kivuva hakuwahi. Yalikuwa wazi tu, pande mbili, kama nyumba iliyofungua macho.

Nilisoma ombi lako. Nililiandika upya mara nyingi na sitasema ni mara ngapi. Nilieleza kwamba sharti lilikuwa ua, na ua upo.

Parmuat akasema, "Hii si ua. Hii ni ukuta iko na shimo mbili."

Mama yako alikuwa ameketi juu ya mawe yaliyosalia. "Boma niliyoolewa ilikuwa na milango minne," akasema. "Ng'ombe walilala ndani, simba akalala nje. Kuna mtu alisema boma ya baba yako iko wazi?"

Parmuat akamjibu mama yake, "Yeyo, hizo zilikuwa enkishomi, malango ya boma. Kila mlango ulikuwa na mwanaume wake. Ndiye anafungua asubuhi, ndiye anavuta mwiba jioni. Mwanamke hana enkishomi. Anaingilia ya baba yake, akiolewa anaingilia ya bwana yake. Mlango bila mwenyewe ni nini? Ni shimo."

Sitakuficha: alisema kweli tupu ya desturi. Mzee mkubwa alianza kutikisa kichwa kwa namna ambayo watu hutikisa kabla ya kusema "pole". Niliona ekari yako ikiondoka.

Wakati huo huo Parmuat akageuza uso kuelekea mbuga. Alisikia kabla yetu. Mchungaji ni mchungaji hata asipokuwa na ng'ombe.

"Ketini chini," akasema.

Mzee mmoja akauliza, "Wewe unaamuru nani?"

"Mzee, nakuomba. Keti. Baba Mdogo, funga huo mwavuli! Unataka waone nini, ndege?"

Tukaketi wote kwenye matope, wazee na mavazi yao. Mama yako aliteremka kwenye mawe bila kulalamikia goti.

Alikuwa yule yule jike mzee. Alikuja mpaka langoni na akasimama. Nakuapia, alinusa jiwe la nguzo, akageuza kichwa akatutazama, watu wazima tumekaa matopeni kama watoto wa kutahiriwa. Kisha akaingia, na nyuma yake wengine, wa rangi ya mchanga uliolowa, na pundamilia ubavuni mwao, na mvua nyepesi ikaanza kuwadondokea migongoni. Mwili mmoja ulipita karibu hata joto lake likanifikia usoni. Na ile sauti. Tik. Tik. Mzee mkubwa, ambaye masikio yake yamekataa kusikia kila jambo la mwaka huu, aliinua kidole, akawa anafuatisha.

Nilimtazama Parmuat. Midomo yake ilikuwa ikitembea, nikajua anachofanya. Hakuwa akihesabu. Alikuwa akiwasalimu.

Wa mwisho alipotokea lango la kusini, hakuna aliyeinuka. Parmuat ndiye aliyesema, wala hakuwa akitwambia sisi. "Baba alikuwa ananiketisha hapa. Nikiwa mdogo. Hapa hapa. Nilifikiri ameketi kupumzika."

Mzee mkubwa akamuuliza, "Ukimpa mtu wa maghala, nani atawafungulia?"

Aliinuka, akamwendea Kivuva. "Lete panga."

Kivuva aliniangalia mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa moyo wangu haukuwa na hakika.

Akaenda nje, tukamwona akichagua mgunga, si wa kwanza wala wa pili, akakata tawi zima lenye miiba mirefu. Akaliburura mpaka lango la mbuga. Sasa sikiliza vizuri alivyoliweka. Aliingia ndani akalivuta kwa shina, miiba ikabaki nje na shina likaelekea vyumbani, kama lifungwavyo na mwenye boma jioni. Halafu akaita kwa Kimaasai, kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wa mbali, "Enkishomi e Resian!" Lango la Resian. Mama yako akaitika. Wazee wakaitika. Bi Nurto, ambaye hakuelewa hata neno, naye akaitika.

Basi. Ni yako. Hakuna kitakachoandikwa zaidi, na nakiri kwamba safari hii hakihitajiki.

Kaka yako hakulainika kama unavyoweza kudhani. Alipofuta mikono alisema majani ya njia ile ni ya ng'ombe wake, akiwapata, na asiambiwe habari ya kodi. Nikasema nitawasilisha ombi lake kwa mwenye lango. Akanikatiza: "Wasilisha, Baba Mdogo. Na umwambie hata mimi nilisikia baba akigonga. Kwa simu, nesi alimshikia. Sikujua ni nini."

Uliniuliza kama nilijua kwa nini alikupa wewe. Ndugu yangu hakunieleza. Ninachojua ni kwamba angempa Parmuat, angeuza kwa sababu ya njaa. Na angenipa mimi, ningejenga pande nne na kuandika vizuri kwamba ziko nne.

Ulale usiku mmoja katika nyumba yako, mtoto wangu. Kwa niaba haitoshi. Nilijaribu.

Wako,
Leshan.


Langoni kwangu, Kitengela,
Jumapili, 17 Desemba 2023.

Baba Mdogo,

Iko.

Nilifika jana jioni. Mwendesha boda aliniuliza, "Unashukia wapi, madam?" Kabla sijamweleza, mama mmoja wa mboga akamjibu, "Si ni kwa lango la Resian." Hakujua ni mimi. Sikumwambia.

Nimelala chumba cha tatu. Jua linaingilia dirishani. Paa linalia alfajiri, mara mbili, halafu linatulia. Mambo hayo sasa ninayajua.

Wapangaji ni wengi, na vyumba vimebaki viwili. Mwambie Parmuat majani ni yake, na ng'ombe wake watalipa kodi kwa maziwa, chupa moja kwa Bi Nurto kila Jumamosi. Akikataa tutaandikiana barua.

Leo asubuhi nilikwenda kufungua. Tawi ni zito kuliko nilivyodhani, Baba Mdogo. Nililivuta kwa miiba kwanza, kama mtu wa mjini, nikajichoma. Bi Nurto alikuwa mlangoni kwake. "Mama nyumba," akaniita, "vuta shina! Umechelewa, wageni wako wamesimama."

Nikageuka, na walikuwa wamesimama.

Sitajaribu. Wewe uliandika na karatasi ilikushinda, na wewe ni wewe. Nilishika tawi langu nikasimama kando, wakapita. Jike mzee alinipita kwa umbali wa mkono. Sikumgusa.

Wamekwisha kwenda sasa, matope yamejaa maji ndani ya nyayo zao, na kila unyayo una kipande chake cha mbingu. Nimeketi nje na barua hii. Nimegundua nimekuwa nikigonga kidole mezani tangu mstari wa kwanza. Bi Nurto ametoa kichwa dirishani, ameniuliza kama naita chai.

Resian.